Msimtwishe Fanueli

Asubuhi hiyo Ernesta alipita nyumba kwa nyumba akiomba kitu ambacho hakuna mke wa Myamba aliyewahi kukiomba. Wenzake huomba kaa la moto, huomba chumvi, huomba wanaume waje kumtoa ng'ombe aliyetumbukia korongoni. Yeye aliomba watu wamnyime mumewe msaada.

“Baba Eva akikuita umtwishe, usimtwishe,” alisema kwenye kila mlango. “Liache gunia lake chini. Mwambie mgongo unakuuma, mwambie mchungaji amekukataza, mwambie uongo wowote unaoujua, Mungu atanidai mimi. Moyo wake umechoka. Akiendelea kubeba atanifia njiani.”

Sasa, watani zetu husema Mpare haombwi mara mbili kunyima. Husema pia kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Waseme, mdomo haulipiwi ushuru. Lakini hilo aliloliomba Ernesta lilikuwa zito hata kwetu sisi.

Huku milimani mzigo mkubwa haupandi kichwani wenyewe. Gunia likishajaa linataka mtu wa pili: huyu anashika pembe za upande huu, yule za upande ule, linainuliwa, na mbebaji anaingiza kichwa chini yake. Huko ndiko kumtwisha mtu, na ni haki inayodaiwa kama salamu. Mnaweza kuwa na kesi ya mpaka wa shamba, mnaweza kuwa mmetukaniana ukoo mzima mpaka marehemu. Ukimkuta hasimu wako amesimama na gunia miguuni, unamtwisha kwanza, matusi yanafuata akishasimama vizuri. Kumpita mtu mzigo wake ukiwa chini ni kusema hukumwona, na asiyeonekana hayupo.

“Mama Eva,” alisema bibi mmoja jirani, aliyekuwa akipepeta maharage mlangoni, “unataka tumzike mumeo angali anatembea?”

“Shikamoo, bibi. Nataka msimzike.”

Bibi alisahau hata kuitikia marahaba. Aliendelea kupepeta, makapi yakapeperuka, na mwisho akasema, “Haya. Lakini akinitukana nitamtuma kwako.”

Huyo Fanueli mwenyewe, kama humjui, basi hujawahi kupanda Myamba. Alizaliwa upande wa Suji. Akiwa kijana, masharubu hayajaamua yaote wapi, aliteremka tambarare kukata mkonge katika shamba moja kubwa, pamoja na watu wa kila pembe ya nchi, kwenye jua la kuchemsha ubongo. Alirudi na mambo mawili: kufunga tita lisilofunguka, na kumdharau mtu aliyekaa. Akamwoa Ernesta, akahamia kwao Myamba, na tangu hapo hakuna kitu kizito kilichopanda au kushuka bila shingo yake kuhusika. Mawe ya msingi wa kanisa alibeba. Mabati ya shule alibeba. Injini ya mashine ya kusaga ilipokwama chini kwa sababu gari lilikataa kona, yeye na wenzake waliipandisha kwa miti, na mpaka leo mashine ikinguruma Fanueli husema, “Huyo anayelia ni mwanangu.” Wagonjwa aliwateremsha kwa machela, waliofia mjini aliwapandisha. Ukuta wa ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, ukivunjika na pembe ikapigwa watu watoke kwenye msaragambo, kazi ya kijiji kizima, jiwe la watu wawili lilikuwa la Fanueli peke yake. Mimi nami nilikuwa na shingo nzuri enzi zangu, na wapo mashahidi, lakini tukisimama pamoja watu walidhani mimi nimebeba kofia.

Kisha tangawizi ikapata wanunuzi. Wanunuzi nao wakaja na lumbesa, gunia lililojazwa hadi mdomoni halafu likashonewa kilemba juu, na ndani ya kilemba tangawizi nyingine. Serikali imelikataza, tangawizi haijasikia. Mashamba makubwa yalikuwa ya Sifael, mtu mpole mwenye tangawizi nyingi kuliko wote kijijini, na kutoka shambani kwake hadi linaposimama lori njia inashuka, inapanda mgongo wa mlima, halafu inashuka tena, upande mmoja ukuta wa mawe wa matuta, upande wa pili korongo. Fanueli alivaa ngata yake ya majani makavu ya mgomba, akatwishwa, akaenda. Akarudi, akatwishwa, akaenda. Hivyo kutwa nzima, msimu hadi msimu.

Na mtu akishatwishwa hatui njiani. Atue, halafu nani amtwishe tena huko katikati, ngedere? Kwa hiyo pumzi ikimwishia anaibana, anakaza shingo, anaongeza mwendo ili machungu yaishe mapema. Ndiyo kazi ilivyo. Na Fanueli aliamini, kama tulivyoamini sote, kwamba moyo wa mtu wa namna hiyo umekuwa chuma na hakuna kitakachougusa.

“Presha,” alikuwa akisema, “ni ugonjwa wa viti.”

Mfano wake ulikuwa karibu. Humphrey, kaka yake Ernesta, ni karani mstaafu aliyejenga Same mjini, mtu wa tumbo na miwani, na presha alikuwa nayo tangu angali ofisini. Krismasi alipanda nyumbani kama wanavyopanda wote, na kabla hajavua koti shemeji yake akamwanza.

“Shemeji, nasikia siku hizi jioni unavaa raba unatembea.”

“Natembea. Ni amri ya daktari.”

“Umebeba nini?”

“Sibebi kitu.”

“Unakwenda kwa nani?”

“Siendi kwa mtu. Nashika njia ya Mkomazi, nikichoka nakaa kwenye jiwe, nikipata pumzi nageuka narudi nyumbani.”

Fanueli aliweka bakuli la makande chini ili acheke kwa nafasi. “Ernesta! Njoo umsikie kaka yako! Anafika mbele, anageuka! Hata mbuzi hageuki kabla hajala jani la mtu!”

“Cheka tu. Presha yangu imeshuka.”

“Imeshuka ikaenda wapi? Mbona tumbo limebaki kulinda nyumba?”

Walicheka wote, Ernesta naye, mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Baadaye kicheko hicho kilimrudia mara nyingi, na kila kiliporudi kilimchoma.

Maana Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, muuguzi wa zahanati, Blandina, aliweka meza yake nje ya kanisa apime watu presha. Humphrey alipimwa, akaambiwa vema, endelea hivyo hivyo. Fanueli akakaa kwa mzaha, akakunja shati hadi begani ili kina mama wauone mkono. Kile kitambaa cha mashine kilipata tabu kuuzunguka ule msuli. Blandina akasoma. Akafunga mkono wa pili, akasoma tena.

“Baba, iko juu. Iko juu vibaya.”

“Soma vizuri, binti yangu. Hiyo ni ya Humphrey imebaki humo ndani.”

Watu wakaangua kicheko. Blandina hakucheka. “Ya mzee Humphrey ni nzuri. Hii ni yako. Nakuanzishia dawa, utameza kila siku, ujisikie mzima usijisikie mzima. Na mizigo mizito uache.”

“Niache? Si wewe uliyesimama kanisani sasa hivi ukatangaza watu wafanye mazoezi?”

“Nilikuwa nasema na wanaoshinda wamekaa, baba.”

“Basi mimi nimefanya ya kwangu na ya kwao.”

Akaondoka akipigiwa makofi. Na wewe unayesoma haya ukiwa umejinyoosha, usimcheke peke yake, maana kijiji kizima kilikuwa upande wake. Hesabu tuliyokuwa nayo ilikuwa hivi: presha inaletwa na chumvi, chumvi inatoka kwa jasho, jasho linatoka kwa kazi; kwa hiyo mwenye kazi nzito ndiye aliyepona zaidi. Ukiisikia ni hesabu safi. Mimi mwenyewe ningeipigia tiki. Fanueli alimeza dawa mpaka kichwa kilipoacha kugonga, akaziweka kwenye kopo juu ya kabati, za akiba, kama mtu anavyoweka za maumivu ya jino. Halafu akamwendea Sifael shambani, akamwambia kwa sauti ili wote wasikie:

“Nijazie vizuri, nipo kwenye matibabu.”

Ernesta ndiye aliyeanza kuona. Aliona kwanza kwamba mumewe ameanza kupenda mandhari. Mwanamume aliyezeekea mlimani bila kuutazama mlima, sasa kila mwinuko alisimama mikono kiunoni, akauliza mahindi yale kule chini ni ya nani. Mahindi ni ya jirani yao, ameyaona tangu yanapandwa. Ernesta alisimama naye, akamtajia mwenye mahindi, na huku anakisikiliza kile kifua kikivuma kama mivukuto ya wahunzi. Kisha viatu vya Jumapili vikakataa kuingia. Miguu ilivimba, ukibonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki kama kwenye ugali wa moto. Kitandani hakulala chali tena. Aliegemea gunia la pumba, amekaa kama abiria anayesubiri basi lililokwisha kupita.

Lakini akishakuwa na mzigo kichwani hakutazama mandhari. Akiwa na mzigo alikwenda.

Ernesta aliteremka zahanati peke yake. Blandina alimkalisha kwenye benchi, na hakumficha.

“Kaka yako akichoka anakaa kwenye jiwe, mama. Mumeo akichoka anaongeza mwendo. Mmoja anaufundisha moyo, mwingine anauchapa.”

“Nifanyeje?”

“Arudie dawa, na kuanzia leo aache kubeba.”

“Asipoacha?”

Blandina alichezea kofia ya kalamu. “Siku nikiitwa kwenu, sitauliza ninaitiwa nini.”

Tangu siku hiyo Ernesta hakuwa na dakika ya amani. Alificha ngata, Fanueli akakata majani akasuka nyingine. Akaichoma, akasuka nyingine, nzuri kuliko ya kwanza. Vidonge alivirudisha mezani kila asubuhi, na kila jioni alivikuta. Akamleta mzee wa kanisa aje kuzungumza naye, na Fanueli, ambaye ni mtu wa adabu, akakubaliana na mzee wa kanisa kwa kila neno, akamsindikiza mpaka njia panda, na kulipokucha akawa wa kwanza shambani. Humphrey alipiga simu kutoka Same akitaka aje akae kwake apumzike. “Nije kwako tugeuke pamoja?” Fanueli akamjibu, akakata.

Ernesta aliomba. Aliomba akiwa jikoni, akiwa kisimani, akiwa amebeba majani ya ng'ombe, mpaka maneno ya sala yakamwishia yote, akawa anasema tu, “Bwana, shingo yake. Bwana, shingo yake.”

Mara moja alimsimamia mlangoni, mikono amepanua huku na huku.

“Na ukifa?”

“Kila mtu atakufa.”

“Na ukifa leo?”

“Leo nina gunia la Sifael.”

“Baba Eva, nakuomba.”

Fanueli alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha usoni. “Nikikaa hapa kwenye kiti, watu wakipita na mizigo yao wakanisalimu, watakuwa wanamsalimu nani? Niambie huyo nani, nami nitakaa.”

Akapita chini ya mkono wa mkewe, taratibu, kama mtu anayepita chini ya tawi.

Mvua ikazidi, barabara ikakatika, lori likawa linasimama mbali zaidi, chini kabisa, na njia ya wabebaji ikaongezeka. Wanunuzi nao wakawa wanamsukuma Sifael, tangawizi isije ikaoza. Siku hizo Fanueli alirudi midomo ikiwa na rangi ya zambarau zilizoiva. Ndipo asubuhi moja Ernesta, akimtazama kwa mbali shambani akiinama na mwenzake akishika pembe za gunia upande wa pili, aliona jambo ambalo limekaa mbele ya macho yake maisha yake yote. Mumewe hajitwishi mwenyewe. Hilo jitu, huyo mbeba injini, kila asubuhi anahitaji mikono ya mtu mwingine. Aliona mlango mmoja tu uliobaki nao ni huo, na kesho yake alfajiri akajifunga kanga, akaenda nyumba kwa nyumba.

Jua lilipotoka wote walikuwa shambani: Sifael, wabebaji, kina mama waliokuwa wakisafisha udongo kwenye tangawizi, na yule bibi aliyekuja ati kuokota masalia. Ernesta alisimama nyuma ya migomba. Fanueli akaweka ngata, akasimama mbele ya lumbesa lake.

“Haya. Nani ananitwisha?”

Watu wote wakawa na shughuli. Huyu anafunga kamba iliyokwisha kufungwa, yule anachungulia ndani ya kiatu.

“Sifael.”

“Mgongo, kaka. Tangu jana.”

“Wewe mama.”

“Mimi nanyonyesha,” alisema yule mama kwa woga.

“Unanyonyesha nani? Kitindamimba wako yuko jeshini!”

Hakuna aliyethubutu kucheka. Alikuwapo Kassimu, mtu wa Singida aliyetoka kwenye mkonge huko chini akapanda msimu huo kutafuta kazi ya kubeba. Yeye hakuwa na nyumba Myamba, kwa hiyo Ernesta hakumpitia. Akaona mzee amenyimwa, akasogea kwa heshima, akashika pembe za gunia.

“Shikamoo, mzee. Twende.”

“Wee!” bibi alipiga kelele. “Toa mikono yako hapo!”

Kassimu aliachia kama ameshika pasi ya moto. “Kwani mzee ana nini?”

“Ana mke,” bibi alisema.

Hapo Fanueli akaelewa. Aligeuka polepole, akawatazama mmoja mmoja, watu ambao wagonjwa wao aliwateremsha na maiti zao aliwapandisha, na kila aliyetazamwa aliangalia udongo. Halafu akamwona Ernesta kwenye migomba.

“Umenitangaza,” alisema. Hakupaza sauti. “Umepita ukinitangaza kama mwizi.”

“Nimekutangaza kama mgonjwa.”

“Afadhali mwizi.”

Akaliinamia gunia. Hakulinyanyua, alilibingirisha. Alilibingirisha juu ya tuta mpaka kwenye ukingo wa ukuta wa mawe, kisha akazunguka, akashuka kwenye tuta la chini, akasimama chini ya ukuta, gunia sasa liko usawa wa kichwa chake. Akashika mawe kwa mikono miwili, akaingiza shingo, akalivuta. Mishipa ya shingo ilisimama kama mizizi ya mvule. Watu wote waliacha kupumua pamoja naye. Gunia likalala kichwani, magoti yakatetemeka, yakanyooka, Fanueli akaanza kwenda.

“Mungu wangu,” Sifael alisema. “Kaka, tua! Sitaki! Tangawizi yangu, nasema sitaki!”

Mwenye mzigo kichwani hajibu. Pumzi ni ya shingo.

Ernesta alimfuata. Alishuka naye, akapanda naye, karibu kiasi cha kusikia ngata ikilia chini ya uzito. Kwanza alimwomba. Kisha akamkumbusha Eva, binti yao, aliyeko kwa mume. Kisha akamtukana, akamwita mjinga, mbinafsi, punda wa kujitakia, matusi ambayo hajawahi kumtupia mtu. Nyayo za mumewe hazikubadilika. Ndipo akanyamaza, na huko kunyamaza kukawa kubaya kuliko yote, kwa sababu sasa alisikia pumzi: ndani, kimya, kimya, kimya, halafu nje kwa mluzi. Walipofika kwenye mgongo wa mlima, pale njia inapobana kati ya ukuta na korongo, nyayo zikabadilika. Mguu wa kulia ulianza kuburuta. Jasho lililokuwa likichuruzika mgongoni lilikuwa baridi, aliligusa.

“Tupa, Baba Eva.”

Hakutupa. Hajawahi kutupa. Mbebaji anayetupa mzigo wa watu korongoni, jina lake linakwenda nao, na jina ndicho kitu pekee Fanueli alichobeba kwa ajili yake mwenyewe. Alisimama tu. Alisimama na mzigo, hawezi kwenda, hawezi kutua, mkono mmoja umeacha gunia umeshika kifua.

“Tupa!”

Wangekuwa wawili wangemtua. Ernesta alikuwa mmoja, na mdogo. Alitazama nyuma: watu walikuwa wanakuja mbio, lakini walikuwa bado ng'ambo ya bonde. Basi akapanda ule ukuta wa mawe kwa magoti na kucha, kanga ikachanika, akafika juu, akawa usawa wa gunia. Akaweka viganja viwili juu ya lumbesa la Sifael, akaweka na paji la uso, akasukuma.

Lilikwenda kwa uzito wake lenyewe. Liligonga mwamba, likapasuka, na tangawizi ikateremka korongoni kwa kishindo kirefu, vipande vikirukaruka kama kuku waliofunguliwa. Huku upande wa pili wa bonde waliona wote: waliona Fanueli amesimama mkono mmoja bado uko juu, ngata kichwani, hana kitu, na mkewe juu ya ukuta, kichwa wazi. Kisha mkono ukashuka, magoti yakafuata.

Wale wale waliokataa kumtwisha gunia wakamchukua yeye. Walikata miti, wakafunga blanketi, Kassimu akashika mbele, Sifael mwenye mgongo wa uongo akashika nyuma, na wakamteremsha mpaka kwenye lori, na lori likampeleka hospitali Gonja. Alikuwa na fahamu njia nzima. Alifumba macho tu, asione ni nani amembeba.

Moyo, kama nilivyofundishwa darasa la tano na kusahau darasa la sita, ni pampu. Daktari wa Gonja alieleza vizuri zaidi. Alimweleza Ernesta, na Humphrey aliyefika kutoka Same na raba zake, wote wawili wamesimama kwenye varanda ya wodi.

“Ni msuli kama mingine,” alisema. “Miaka mingi umesukuma damu dhidi ya presha kubwa, ukanenepa, na sasa umelegea na kutanuka. Amewahiwa, lakini hauwezi kurudi ulivyokuwa. Dawa ni za maisha. Kubeba kumekwisha, hata ndoo.”

“Lakini daktari,” Humphrey aliuliza, na alikuwa karibu kulia, “mimi mliniambia nitembee, nikapona. Huyu ametembea maisha yake yote.”

“Wewe bila shaka ukichoka unakaa, presha inashuka. Yeye presha inapanda anapotwishwa asubuhi, anabana pumzi inapanda zaidi, na haipati nafasi ya kushuka mpaka jioni. Usiku mmoja hautoshi kuutengeneza, asubuhi anauamsha tena. Hilo halikuwa zoezi, mzee. Na dawa aliacha.”

Waliingia. Fanueli alikuwa ameegemezwa mito, ameelekea ukutani. Alimsalimu shemeji yake. Ernesta aliposema “Pole, Baba Eva,” ukuta ndio uliosikia.

“Humphrey,” alisema baada ya muda, bila kugeuka. “Mwambie dada yako amenivua nguo mbele ya kijiji.”

Humphrey alimtazama dada yake, asijue aseme au asiseme; naye yuko pale pale, mguuni pa kitanda.

“Mwambie shemeji yako,” Ernesta alisema, “aliye uchi huvaa mwenyewe. Aliyekufa ndiye huvishwa.”

Nje wagonjwa wengine walikuwa wakiota jua, na mtu alikuwa akicheka kwenye simu.

Sifael hakudai tangawizi yake. Alikuja mwenyewe Gonja na mkungu wa ndizi, akasema korongo lilikuwa na njaa. Fanueli aliomba radhi kwa kila kipande, mpaka Sifael akatoka nje kwa uchungu. Na alipopata nguvu ya kurudi Myamba alipandishwa kwa pikipiki, ameshika kiuno cha mtu, na kijiji, kwa kumheshimu, kilijifanya kiko mashambani asionekane anapita.

Sasa anakaa. Kiti alikitengeneza mwenyewe, kwa maana hata kukaa hawezi kukaa kwenye kitu cha mtu. Watu wakipita huwaitikia vizuri, huwauliza habari za barabara na lori. Mkewe hamsemeshi. Chakula akiletewa anakula, akiulizwa kimetosha anakisukuma chombo mbele kidogo. Ernesta amemlilia, amempigia magoti, amemwambia hata yule mwizi aliyemtaja husamehewa. Kuna siku anatoka nyuma ya nyumba anakaa kwenye majani ya ng'ombe, ameegemea ukuta, na kujiuliza kama kweli amemwokoa mtu, au ameokoa kifua tu kinachopanda na kushuka. Anakaa hapo mpaka baridi ya jiwe la msingi inamwingia mgongoni.

Kisha asubuhi inafika, naye anashusha lile kopo kwenye kabati, anatoa vidonge, anavipeleka. Fanueli anafungua kiganja bila kumtazama. Kiganja kile kigumu kama kwato. Ernesta anaviweka katikati, kimoja kimoja, na hawezi kuondoka mpaka aone koo limemeza. Koo linameza. Mkono wa mwanamume unarudi kwenye goti. Ernesta anasimama pale dakika nyingine, akisubiri neno, lolote, hata tusi. Halafu anachukua jembe anakwenda shambani.